Pengo Kwenye Ubao wa Mama

Mdogo wangu Khor Beng Huat ni mtu mpole. Uliza yeyote hapa mjini Taiping, atakuambia hivyo. Havuti sigara, hachezi kamari, hapandishi sauti, na akila mayai asubuhi hukusanya maganda yote kwenye kisahani ili mwenye mkahawa asipate kazi ya kufuta meza. Ana miaka thelathini na tisa, mke mmoja, watoto watatu na gari jeupe. Kazi yake ni kuandika programu za visanduku vinavyoendesha mashine za viwandani. Si zile programu za picha na rangi. Zake ni za chini kabisa, zinazokaa ndani ya chipu isiyozidi ukucha na kuamua mota izunguke au isimame. Nimemlea mimi, kwa hiyo acheni nimweleze mimi.

Baba alikufa Beng Huat akiwa bado mgongoni. Mama akafungua kibanda cha tambi za mchuzi karibu na soko, na mimi nikatolewa shule darasa la tatu nikachukue oda na kuosha mabakuli. Mama hakujua kusoma, ila namba alizijua. Ukutani, mbele ya sufuria, alitundika ubao, akachora duara la nafasi nane, na pembeni tukawa na vibanio viwili vya nguo. Chekundu kilikuwa changu. Mteja akiagiza, niliandika namba ya meza yake kwa chaki pale kilipo kibanio changu, kisha nikakisogeza nafasi moja mbele. Cha buluu kilikuwa cha mama. Alipika namba iliyo pale kilipo kibanio chake, akakisogeza naye. Hakufuta kitu, kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta. Mimi ndiye niliyeandika juu ya namba za zamani nilipozungukia tena. Vibanio vikikutana mahali pamoja, maana yake hakuna wa kupikiwa, na mama anaweza kukaa.

Kwa ubao ule hatukugombana juu ya nani alitangulia. Mimi niliandika kwa kasi yangu, yeye alipika kwa kasi yake, wala hatukugusiana mikono. Mpaka Jumamosi moja ya sikukuu jiko lilipomzingua mama. Aliinama chini akihangaika na mpira wa gesi, na wateja wakaja kwa mpigo. Nikaandika, nikasogeza, nikaandika, nikasogeza. Oda nane. Kibanio changu kikazunguka duara lote, kikaja kugota kwenye kibanio chake kwa nyuma.

Mama akainuka, akatazama ubao. Vibanio viko pamoja. Akavuta kigoda, akakaa, akawasha sigara.

Meza nane zikamtazama akivuta sigara. Kwanza walidhani anapumzika. Baadaye wakaanza kugonga vijiti mezani. Mzee mmoja akasema, "Bibi, mume wako amekufa, je na sisi tufe?" Mama alipoelewa, hakuuliza kosa ni la nani. Alichomoa upawa kwenye mchuzi unaochemka, akanishushia nao mkononi, hapa juu ya kifundo. Alama ipo mpaka leo, imejikunja kama funza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Jioni akatoa sheria. "Ukibakisha nafasi moja kunifikia kwa nyuma, unasimama. Unawaambia wasubiri. Usiniguse kwa nyuma tena, nitakukata vidole." Tangu siku hiyo ubao wa nafasi nane ukachukua oda saba. Ile moja haikuandikwa kitu kamwe. Tuliiita pengo.

Beng Huat alikuwa na miaka mitano, amekaa chini ya meza anachora. Aliona yote.

Nilipofika miaka kumi na sita niliingia kiwanda cha glovu za mpira kule Kamunting, na Beng Huat akaingia shule nzuri. Haya mawili yalikuwa jambo moja. Viatu vyake, vitabu vyake, chuo chake cha Penang, vyote vilitoka kwenye mnyororo. Kiwandani kuna mnyororo mrefu unaozunguka bila kuanza wala kuisha, na juu yake imepangwa mikono ya kauri, maelfu, vidole vimeelekea chini. Inatumbukia kwenye utomvu, inapita kwenye joto, inavuliwa glovu, inarudi kutumbukia. Nimesimama pembeni ya mikono ile miaka ishirini na nane. Nilikataa wachumba wawili. Mmoja alikuwa na duka la vyuma na hakunywa. Mama alisema, "Subiri mdogo wako amalize." Alipomaliza, mama akasema, "Sasa nani atakutaka?"

Beng Huat alipata kazi kwa mara ya kwanza aliyoomba. Alikuja nyumbani na bata wa kuchoma, akatusimulia huku anatafuna. Wakubwa walimuuliza: kuna mkono unaoandika matukio haraka na mkono unaoyasoma polepole, utafanyaje isigombane? Akawachorea duara na vibanio viwili. Akawaeleza pengo.

"Wakaniuliza nimejifunza wapi," akasema. "Nikawaambia kibandani kwa mama, na kwamba nilipigwa upawa nilipokosea. Walicheka! Mzungu mmoja alisema hajawahi kusikia maelezo safi kama hayo."

"Ulipigwa wewe?" nikamuuliza.

"Dada, ni hadithi tu. Ningeanza kuwaeleza habari zako ingekuwa ndefu."

Mama akampa paja la bata.

Miaka ikapita. Kampuni yake ndogo ikaanza kuuza visanduku kwa viwanda vya glovu, na siku moja kimoja kikaletwa kwetu, kikafungwa kwenye mnyororo namba sita, mnyororo wangu. Nilijivuna. Niliwaambia wenzangu, "Hicho ameandika mdogo wangu." Letchumi, niliyesimama naye miaka kumi na minne, alikipiga kisanduku busu. "Shemeji," akakiambia, "usitunyonge." Letchumi alikuwa na mume, lakini mdomo wake haukuwa na mume.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na ubao wa mama. Beng Huat mwenyewe alinieleza, wakati bado ananieleza mambo. Duara la nafasi sitini na nne, kwa sababu namba hiyo huzungushwa kwa urahisi, chipu haihitaji kugawanya hesabu. Mkono mmoja ulikuwa wa haraka: mtu akigusa kitufe au akifungua mlango wa kinga, unaamka, unaandika tukio, unasogeza kibanio, unalala. Mkono wa pili ulikuwa wa polepole: unasoma tukio, unalitii, unalipeleka kwenye printa ya ofisini, unasogeza kibanio chake. Na nafasi moja haikuandikwa kitu.

Shida ilianza kwa wateja. Kwenye stika ya kisanduku waliandika kwamba kinabeba matukio sitini na nne. Kiwanda kimoja kikajaribu, kikapata sitini na tatu, kikalalamika. Beng Huat alikuja Jumapili akamwambia mama huku anacheka, "Mama, ubao wako umeniaibisha. Bosi ananiuliza, nimeuza sitini na nne, moja umempa nani?"

"Waambie waandike sitini na tatu," nikasema mimi.

"Sitini na tatu inaonekana kama kitu kibovu. Na stika zimeshachapwa."

"Basi weka hesabu pembeni, ya oda ngapi zinasubiri."

Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akifungua mlango. "Hesabu hiyo mkono mmoja unaongeza, mwingine unapunguza, kwa wakati mmoja. Mmoja utaharibu hesabu ya mwenzake. Ipo njia safi ya kuiandika, lakini inataka wiki mbili na nimepewa siku mbili. Nimeliziba pengo tu. Hakuna ubaya. Nani atabonyeza mara sitini na nne kabla printa haijapumua?"

Mama alikuwa anachambua maharage machipukizi. Mkono wake ukasimama kidogo, kisha ukaendelea.

Ilitokea Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Mkono mmoja wa kauri ulikwama kwenye reli na mnyororo ukasimama wenyewe. Ukisimama hivyo, ukwamo ukiondoka tu mnyororo huondoka tena, kwa hiyo lazima mtu abonyeze kitufe cha buluu cha kuushikilia ungali umesimama; ukishaondoka hakiwezi kuusimamisha. Mmoja anabonyeza, mwingine anaingiza mkono. Tumefanya hivyo mara elfu.

Letchumi akafungua mlango wa kinga. Mlango ule swichi yake ilikuwa imelegea wiki nzima, ukiutazama tu unatetemeka. "Tayari?" akaniuliza.

Nikabonyeza. "Tayari."

Akaingiza mkono wa kulia, akachomoa kauri iliyokwama, na mnyororo ukaondoka nao.

Sitaeleza sauti. Nitasema tu kwamba nilibonyeza tena na tena mpaka ukucha ukapasuka, na kwamba glovu ziliendelea kutoka upande wa pili, nyeupe, nzima, mpaka fundi alipokata umeme.

Nilimfuata hospitali siku ya tatu. Mkono uliishia chini ya kiwiko. Mumewe akanipisha kiti, lakini Letchumi akageukia ukuta.

"Ulisema tayari," akasema.

"Nilibonyeza, Letchu. Naapa kwa baba yangu."

"Msimamizi Rosli amekuja na karatasi ya mashine. Hukubonyeza. Ulikuwa unawaza nini? Ulikuwa unawaza chakula?" Akavuta shuka begani. "Mkono wangu ulikuamini wewe, haukuamini mashine."

Wiki iliyofuata wakaitisha kikao ofisini. Walikuwepo Rosli, msimamizi wetu, watu wawili wa makao makuu, na kwa upande wa waliotengeneza kisanduku, Beng Huat, shati limepigwa pasi. Nilipomwona moyo wangu ulitulia. Nilijiambia, ametumwa wa kwetu.

Rosli akaweka karatasi ya printa mezani. "Dada Gaik, karatasi hii haina kinyongo na mtu. Angalia mwenyewe. Saa nne na arobaini, mnyororo umekwama. Baada ya hapo, mnyororo umeondoka. Katikati yake kitufe hakimo."

Kusoma sijui sana, lakini mistari naweza kuihesabu. Nilitazama muda mrefu.

"Mlango wa kinga ulifunguliwa?" nikauliza.

"Si ulifunguliwa! La sivyo mkono ungepitia wapi?"

"Nionyeshe kwenye karatasi."

Rosli akapitisha kidole juu, akashuka nacho, akapandisha tena. Hakukuwa na mlango.

"Kama haikuuona mlango mzima," nikasema, "ingekionaje kidole changu?"

 Wote wakamgeukia Beng Huat. Naye nilimwona akielewa. Namjua tangu hajui kutembea. Akielewa jambo huwa ananyonya mdomo wa chini. Aliunyonya. Mlango ulitetemeka, kila mtetemo ukawa tukio, printa ikawa imekwama na mstari wake, na mkono wa haraka ukazunguka duara lote ukaja kumgota mwenzake kwa nyuma. Kitufe changu kilikuwa humo humo katikati, kimeandikwa vizuri kabisa. Mkono wa polepole ulipoinuka ukaona vibanio viko pamoja, ukavuta kigoda ukakaa.

"Beng Huat," nikamwambia, "vibanio vimekutana. Waambie."

"Vibanio gani tena?" Rosli akauliza.

Mdogo wangu akatabasamu, si kwangu, kwao. "Mtuwie radhi. Swichi ya mlango imelegea, ndiyo maana haikuandikwa. Hilo ni suala la matengenezo yenu. Kitufe ni kizima, nimekijaribu leo mara kumi. Dada yangu hakusoma. Tulikuwa na kibanda cha tambi, basi kwake kila kitu ni tambi."

"Basi atuletee bakuli mbili," Rosli akasema, na wale wa makao makuu wakacheka, wakashukuru kupata kicheko.

Nilifukuzwa saa nane mchana. Mlinzi wa getini, ambaye nilimletea keki za mwezi za sikukuu yetu kila mwaka, alipekua begi langu mpaka chini.

Miezi saba baadaye mwanamke mmoja wa mnyororo namba sita alinisimamisha sokoni. "Dada, vijana wa kampuni ya mdogo wako wamekuja wamebadilisha chipu za visanduku vyote. Wamekwangua na stika wakabandika mpya." Akanipa ile ya zamani, alikuwa ameichukua kwa ajili ya picha ya umeme iliyomo, akitaka kuibandika mlangoni kutishia watoto. Nikamuuliza ile mpya inasemaje. "Sawa na hii tu. Ila hapa pameandikwa sitini na tatu."

Nikaikunja stika nikaiweka kifuani, nikasubiri siku ya kufagia makaburi. Siku hiyo Beng Huat hawezi kukosa.

Tulipanda kilimani mapema, mama, yeye na mimi. Mkewe alibaki chini na watoto kwa sababu ya mbu. Beng Huat aling'oa magugu. Mimi nilishika brashi, nikapaka rangi nyekundu kwenye maandishi ya jiwe la baba. Jina la Beng Huat limechongwa pale, kwa kuwa ni mtoto wa kiume. Langu halimo. Nililipaka lake taratibu, nisichafue pembeni, kisha nikatoa stika nikaiweka juu ya jiwe, kati ya machungwa na kuku wa sadaka.

"Umelirudisha pengo," nikasema.

Akaitazama. Hakukana. Hilo nampa.

"Dada, ningesema siku ile, kampuni ingefungwa. Watu kumi na tisa wana familia pale."

"Na leo? Chipu umeshabadilisha. Andika barua. Mistari miwili. Kwamba Gaik alibonyeza."

"Nikiandika leo watauliza kwa nini sikusema siku ile."

"Sitaki kurudi kazini. Sitaki chochote chako. Nataka Letchumi ajue nilibonyeza."

Mama alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakunja karatasi za kuchoma. Miaka sabini na minne, masikio mazima. Akamuuliza mwanawe kwa sauti ndogo, kama anauliza kama mchuzi umekolea:

"Vibanio vilikutana?"

Beng Huat akanyonya mdomo. "Ndiyo, mama."

"Ulijaza zote nane."

"Ndiyo."

Nikafikiri, sasa atapigwa. Nikautazama mkono wake wa kulia, ule wa upawa. Miaka thelathini na minne nilikuwa nimesubiri uinuke juu ya mtu mwingine.

Mama akamaliza kukunja karatasi aliyoshika. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe utanyamaza."

"Mama!"

"Yeye ana jina. Ana watoto wanaokwenda shule. Wewe ukiharibikiwa unaharibu nini? Huna mume wa kuaibika, huna mtoto wa kuchekwa. Nilikupiga mara moja ukapona. Na hili utapona." Akanyoosha mkono. "Nipe kiberiti."

Beng Huat akampa. Mama akaiokota stika, akaitumbukiza katikati ya pesa za kuzimu, karatasi zile za kumchomea baba, akawasha yote pamoja. Plastiki yake ilinuka vibaya. Kisha tukala, maana ni desturi kula pale, na mdogo wangu akakusanya mifupa yote kwenye mfuko asimpe mtunza makaburi kazi.

Nilikwenda kwa Letchumi kesho yake bila kitu mkononi. Zamani alisuka mashada ya asumini ya hekaluni, vidole vyake vilikimbia kuliko macho. Sasa binti yake alikuwa anasuka, yeye anahesabu maua. Nilimweleza kila kitu, ubao, pengo, mlango unaotetemeka, sitini na nne, sitini na tatu, na maneno ya mdogo wangu kaburini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Letchumi si mjinga. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo ulibonyeza."

"Nilibonyeza."

Akapanga maua mstari mmoja kwa mkono wa kushoto. "Kila asubuhi nikishindwa kufunga sari nakulaani. Nakulaani vizuri, kwa jina lako na la mama yako. Nikimaliza nakunywa chai, siku inaanza. Sasa unataka nimlaani nani? Namba?"

"Mlaani Beng Huat."

"Simjui. Sijawahi hata kumwona uso. Wewe nakujua unavyocheka." Akaziba macho kwa ule mkono mmoja. "Ningekuamini ningefanya nini na miezi yote hii, Gaik? Ningekuomba radhi? Kwa mkono upi?"

Niliokota ua lililoanguka, nikalirudisha kwenye mstari wake.

"Hukubonyeza," akasema. "Nenda nyumbani."

Nilipofika getini nilimsikia akimwita binti yake aje amfungulie chupa ya dawa. Kifuniko kilichelewa kufunguka, na jina langu likasikika, kisha la mama yangu, kama kawaida.